Siku Iliyopambazuka Mara Mbili

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo jua lilichomoza hapa kwetu Ngokolo likiwa limekwisha kumegwa.

Nakuita mwanangu kwa haki. Mama yako Zainabu ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na mtoto wa dada sina jina lingine la kumwita. Kesho unatimiza arobaini. Utanyolewa nywele, utapakwa mafuta, utatolewa nje ulione jua kwa mara ya kwanza, na kila mwanamke wa nyumba hii atainama sikioni mwako akupe neno moja la nasaha. Hiyo ni desturi ya Bibi yetu, aliyokuja nayo kutoka pwani alipokuwa binti, na ameishika mpaka leo ingawa meno mengi yamemwacha. Mimi neno langu sitaliweza mbele za watu. Nikiinuliwa darasani kujibu swali magoti yanagongana, sembuse mbele ya wageni kutoka Kagongwa! Kwa hiyo naliandika hapa katika daftari langu, ulisome utakapojua kusoma.

Bibi aliponiona nachonga penseli alinicheka. "Wewe leo utoe nasaha, na juzi tu umekimbizwa na jogoo?" Kisha akatafuna tambuu yake, akasema, "Haya, andika. Uzee si mvi peke yake. Aliyeliona jua likifa na kufufuka ni mzee kwa yule asiyeliona."

Basi leo mimi ni mzee wako. Tulia nikusimulie.

Nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mbuga yote imekuwa majivu, watu wanatazama mawingu kama wadai. Mama yako alikuwa amewekwa ndani, anasubiri kuolewa. Wewe hujui maana ya kuwekwa ndani, kwa hiyo nikueleze. Chumba cha uani kilifungwa dirisha, pakatandikwa mkeka, naye akakaa humo juma zima anasingwa asubuhi na jioni, yaani anasuguliwa mwili kwa singo ya manukato aliyoisaga Bibi mwenyewe. Amri ilikuwa moja: bibi harusi hapigwi jua. Akitaka kwenda msalani anafunikwa kanga mbili kichwani, tena baada ya magharibi. Jua likimgusa kabla ya nikaha, Bibi alisema, kazi yote imekwenda na maji.

Kazi ya kumsinga mgongo ilikuwa yangu, na hapo ndipo nilipomwambia. Alhamisi ya juma lile, mwalimu wetu wa jiografia alichora ubaoni maduara matatu, jua na mwezi na dunia, akasema Jumamosi alfajiri mwezi utapita mbele ya jua na kulifunika lote. Huku kwetu, akasema, tutalipokea jua likiwa tayari limeanza kuliwa. Akatuonya tusilitazame kwa macho matupu, maana jua lililomegwa huumiza jicho vilevile kama jua zima. Jumamosi! Ndiyo siku ya harusi. Nilirudi nyumbani nimejaa ile habari kama mtungi, nikawakuta watu uani tele, nikaona haya, nikapita kimya. Nikaenda kummwagia dada yangu gizani.

"Lote kabisa?" akaniuliza.

"Lote."

"Na mimi nitakuwa humu kama muhogo shimoni!" Akageuka, singo ikamwagika mkekani. "Salma, kitu kama hicho kitarudi lini?"

"Mwalimu amesema hapa kwetu labda tusikione tena maisha yetu."

Akaizoa singo kwa kiganja. Halafu akasema polepole, "Mwambie Bibi."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nilimsogelea jikoni mara nyingi, na kila nikifungua mdomo pana mtu anaingia na sinia. Mwanangu, wenye haya tuna ugonjwa huu: tunangoja nafasi nzuri ya kusema, na nafasi nzuri haina miguu, haiji.

Ijumaa jioni lori la wageni likafika kutoka Kagongwa. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa Shangazi Kabula, dada wa babu yako upande wa baba. Umbo lake unalijua, maana ndiye anayekubeba kwa mkono mmoja huku anachambua mchele kwa mkono wa pili. Shangazi Kabula ndiye aliyemlea baba yako Ramadhani tangu siku alipozaliwa. Katika ule ukoo, mjomba anaweza kukohoa na baba mkubwa anaweza kuguna, lakini neno likitoka kinywani mwake limetoka. "Mwangaluka!" alituamkia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma ingawa jua lilikuwa linazama, kwa furaha yake, akatukumbatia wote, mpaka mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji.

Asubuhi yake wanaume walikwenda msikitini alfajiri, baba yako akiwa kati yao kwa kanzu mpya. Uani tukabaki wanawake, masufuria ya pilau, na dereva wa lori, Masanja, ambaye aliwahi kuchimba dhahabu Geita na kila neno lake lilikuwa la machimboni. Kulikuwa kumepambazuka vizuri. Nyota zimeaga. Majogoo wamewika wamemaliza. Ng'ombe wa jirani wametoka zizini wanapita nyuma ya ua wetu wa minyaa kwenda mbugani.

Jua likachomoza, nalo halikuwa jua. Lilikuwa kipande. Lilisimama juu ya mbuga kama pembe ya ng'ombe iliyochomwa moto, jekundu, limechongoka pande mbili.

Mwanamke aliyekuwa anakoroga uji akasema, "Yesu na Maria," na alikuwa Mwislamu. Nakuambia kweli.

Mwanga ukaanza kupungua badala ya kuongezeka. Ukawa mwanga wa ajabu, rangi ya chai isiyo na maziwa. Baridi ikatoka ardhini. Mitaani watu wakaanza kugonga madebe na masufuria, ko ko ko, kulitisha lile linalolila jua. Ng'ombe wale wakasimama, wakageuka wenyewe, wakaanza kurudi zizini, na mchungaji akawafuata nyuma bila kubisha.

Shangazi Kabula alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini. Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Masanja," akasema. "Washa lori. Tunaondoka."

"Harusi je, Shangazi?"

"Hakuna harusi. Jua limekataa."

Madebe tu yalisikika huko nje. Mama yetu akajishika kiuno. Shangazi Kabula akamgeukia, sauti yake si ya ugomvi hata kidogo. "Mkwe wangu, usinione mbaya. Mama yake Ramadhani nilimleta mimi kwa mkono huu. Siku ile ya harusi yao jua lilimegwa kidogo, mchana. Tukacheka, tukaendelea kucheza ngoma. Haukupita mwaka, yule binti akafa akimzaa huyu Ramadhani. Nimemnywesha mtoto maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Siku ile lilikuwa kidogo tu, na leo ni namna hii. Sitamzika binti yako. Kaeni naye, aishi."

Mwanangu, walimu wangu wangesema hiyo ni imani ya kijinga. Mimi nilikuwepo, na sikuona ujinga. Nilimwona mtu aliyeumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alikuwa anampenda dada yangu. Ndiyo maana alikuwa anamwacha.

Masanja akaenda mbele ya lori na ile hendeli ya kuwashia, lakini hakuizungusha. Alitazama juu. "Shangazi," akasema, "huku juu nako kumekuwa duarani." Duara ndivyo wachimbaji wa Geita wanavyoliita shimo lao. "Sisi tunashuka gizani kila siku, na wengi tunapanda."

"Washa lori, mropokaji wewe!"

Ndipo Bibi akatoka chumbani kwa bibi harusi. Alikuwa amesikia yote. Akatazama mbingu, akatutazama sisi, akauliza, "Hakuna aliyekuwa na habari ya jambo hili?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Na kutoka nyuma ya dirisha lililofungwa sauti ya dada yangu ikatoka, ya mtu aliyekuwa analia: "Salma anajua! Salma aliniambia tangu juzi! Salma, sema!"

Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikumbuki nilivyofungua mdomo. Nakumbuka tu kwamba sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga, na kwamba niliishika kanga ya Shangazi Kabula kwenye pindo, kama mtoto, ili asiondoke kabla sijamaliza.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema. Ndiyo, nilimwamkia upya katikati ya balaa lile! Masanja aliangua kicheko.

"Marahaba," Shangazi akajibu, kwa mazoea tu.

"Mwalimu alituambia litaliwa leo. Alitaja siku na alfajiri yenyewe. Ni mwezi unapita mbele yake, kisha unaondoka. Wanaopiga hesabu hizi walikwisha kuijua siku hii kabla Ramadhani hajaleta posa. Kabla Dada hajazaliwa, Shangazi. Jua halikuja kwa ajili ya harusi yetu. Sisi ndio tuliokwenda kuiweka harusi kwenye siku yake. Tumekutana nalo njiani tu."

Shangazi akaniinamia. "Kabla hajazaliwa?"

"Ndiyo."

"Na litarudi?"

"Litarudi. Sasa hivi."

Bibi akaongeza kwa upole kwamba hata sisi Waislamu tumefundishwa hivyohivyo, jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kifo cha mtu wala uhai wake, ni ishara za Mungu, na mtu akiziona inampasa kusali. Shangazi Kabula alisikiliza. Hakukubali, hakukataa. Nami nilikuwa bado nimeng'ang'ania pindo.

Na hapo likazimika.

Nimejaribu kukuandikia wakati huo nikafuta, nikajaribu tena nikafuta. Giza lilikuja kutoka magharibi, nyuma yetu, likatupita kama kivuli cha ndege mkubwa, na madebe yote ya Ngokolo yakanyamaza kwa pamoja. Nyota zilizokwisha kuaga zikarudi. Ukingo wote wa mbingu, pande zote, ulikuwa mwekundu kama machweo yamezunguka dunia. Na juu ya mbuga, pale palipokuwa na jua, palikuwa na kitu cheusi cha mviringo, na pembezoni mwake weupe umetoka, laini, umetulia. Je, umewahi kuona tumba la pamba lililopasuka? Utaona, babu zako ni wakulima. Ulikuwa weupe wa namna ile. Kama pamba ya Mungu imeiva.

Sikuogopa. Mimi, ninayeogopa jogoo! Moyo wangu ulikuwa mpana, nikahisi kwamba naweza kusema lolote kwa yeyote.

"Bibi," nikasema kwa sauti, "bibi harusi hapigwi jua, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Jua halipo."

Bibi akanigeukia. Gizani niliona meno yake machache. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaupiga mlango kwa kiganja. "Zainabu! Toka, mwanangu, toka upesi, mwenye mji hayupo!"

Mama yako akatoka. Ana harufu ya singo na udi, kanga moja kifuani na nyingine kichwani, miguu mitupu. Hakunijia mimi wala mama. Alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi Kabula, ambaye wakati huo alikuwa amejifunika uso wote kwa kanga, akaushika mkono wake.

"Shangazi," akasema, "tazama. Ni zuri."

"Siwezi, mama."

"Nimekushika."

Shangazi Kabula akateremsha kanga mpaka chini ya macho. Akatazama. Nilimsikia akivuta pumzi, pumzi ndefu, akasema neno moja kwa Kisukuma ambalo hata leo hataki kuniambia maana yake. Walisimama hivyo, mkono kwa mkono, na hapakuwa na mtu uani aliyekumbuka kwamba yupo.

Halikudumu. Chai ya moto isingepoa. Upande mmoja wa lile duara pakachomoka cheche moja, kali, mfano wa almasi inapooshwa na kupigwa jua, na mchana ukaanza kumwagika. Mwalimu alikuwa ametuonya, nikapiga kelele, "Macho! Inamisheni macho!" Majogoo wakawika. Wakawika tena, mara ya pili asubuhi ileile, kwa haya kidogo, nadhani, kama waliokosea.

Na dada yangu alikuwa amesimama katikati ya ua, uso wazi, jua linamjia.

Aliyekumbuka wa kwanza hakuwa Bibi. Alikuwa Shangazi Kabula. Aliivua kanga yake ya mabegani, akamfunika mama yako kichwa na uso, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamsukuma mbiombio kuelekea chumbani huku anafoka, "Jua hilo! Jua hilo! Mmesimama mnatazama nini, mnataka kuniunguzia bibi harusi wangu?"

Wangu! Alisema wangu. Mama yetu akapiga kigelegele, na kigelegele kikapokelewa mpaka nyumba ya tatu, ambako nadhani hawakujua wanashangilia nini. Masanja akaitupa hendeli ndani ya lori. Pilau lilikuwa limeungua chini. Wanaume waliporudi kutoka msikitini, walikosali mpaka mwanga uliporejea, walitukuta wanawake wote tumetandika mikeka na Bibi yuko mbele yetu anaomba dua, wakauliza kuna nini. "Kuna ukoko," Bibi akajibu.

Saa nne nikaha ikafungwa.

Jioni, Bibi aliniita jikoni. Nilidhani atanisifu. Akanishika sikio. "Ulijua tangu juzi, ukakaa kimya?"

"Niliona haya, Bibi."

"Haya ni nguo, mjukuu wangu. Nguo hufunika mwili, haizibi mdomo." Kisha akanipigia methali ambayo hata kuiandika naona haya, lakini nimekuahidi ukweli: mficha uchi hazai. "Ungesema Alhamisi, yule mama angelala amejua, asingeshtuka vile. Usilolijua ni usiku wa giza. Nawe ulikuwa na taa, umeificha chini ya kitanda." Akaniachia sikio, akanipa sahani ya ukoko, kipande kizuri zaidi.

Sasa nikuambie jambo ambalo wengine kesho hawatalisema. Hofu ya Shangazi Kabula haikwisha siku ile. Siku ile aliishinda tu, na kuishinda hofu si sawa na hofu kwisha. Habari ya ujauzito ilipofika Kagongwa alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Mwezi wako ulipokaribia alikuja na mbuzi wa maziwa, amemfunga kwenye lori, "kwa lolote". Hakusema lolote ni lipi. Sote tulijua. Ulipokuwa unazaliwa alikaa chini kwenye korido ya hospitali, mgongo ukutani, kanga imemfunika uso vilevile kama siku ile. Nami nikaenda nikakaa karibu yake, nikamshika mkono, nikamweleza alichonieleza muuguzi, kila hatua, bila kungoja aniulize. Mimi, mwenye magoti yanayogongana. Muuguzi alipotoka na kusema, "Mtoto mzima, mama mzima," Shangazi hakupiga kigelegele. Aliniuliza tu, kama mtoto, "Mama mzima? Mama?" Nikamwambia mzima, anaomba uji.

Yule mbuzi tunakunywa maziwa yake kwenye chai.

Jina lako katika vyeti ni Mwanahawa, la Bibi. Lakini Shangazi Kabula hakuiti hivyo. Anakuita Limi, na Limi kwa Kisukuma ni jua.

Basi neno langu sikioni mwako ni hili, Limi. Ukiwa na habari ya kumsaidia mtu, mpe mapema, hata kwa sauti ya kifaranga. Usingoje haya zikuishe ndipo useme, sema nazo. Anayeogopa usimcheke, wala usikimbilie kumfundisha. Mshike mkono kwanza, halafu mtazame wote. Na giza likikukuta katikati ya furaha yako, usiseme limekuja kwa ajili yako. Huenda lina safari yake, nanyi mmekutana tu njiani.

Kesho asubuhi mlango utafunguliwa. Shangazi Kabula ndiye atakayekutoa, amekataa mtu mwingine asikushike. Nimemwona jioni hii amekaa kizingitini anapima kwa macho jua litakapopiga. Mungu akukuze, akupe macho ya kuona ajabu zake na ulimi wa kuzisema. Akulinde wewe na mama yako na wote waliokungoja gizani. Na jua litakalokugusa kesho likutambue, maana mnaitwa jina moja. Amina.